Namba na majina kwenye waya: yasemwayo na yalivyo

"Waya wa 2.5 una unene wa milimita 2.5." Hapana. Hizo ni milimita za mraba: eneo la uso wa shaba unaouona ukiukata waya kama unavyokata muhogo. Waya wa uzi mmoja wa 2.5 una kipenyo cha milimita 1.8 hivi, na ule wa 1.5 unaopelekwa kwenye taa una 1.4. Kwa hiyo usimrudie muuza duka kwa matusi, hajakupunja. Akikupunja, mara nyingi ni kwa kukuuzia alumini iliyopakwa shaba. Kwangua kwa kisu: ndani kukiwa keupe, umeliwa.

"Fyuzi ya ampea 13 kwenye plagi inamlinda mtu." Inalinda waya unaotoka kwenye plagi usiungue. Ampea 0.1 ikipita kifuani yatosha kuua, na fyuzi hiyo haitajua lolote. Taa ya mezani yenye waya mwembamba hupewa fyuzi ya 3. Ukimwekea ya 13 mtu anayelalamika kwamba "inakatika-katika", umeufanya waya wenyewe kuwa fyuzi.

"Kebo ya antena imeandikwa omu 75, kifaa cha fundi cha kupimia umeme kinasoma karibu sifuri, basi ni feki." Hili nimelisikia hata kwa mafundi. Kifaa hicho hupima, kwa omu, ukinzani wa shaba, yaani inavyouzuia umeme wa betri. Ile 75 ni impidensi: uwiano wa volti na ampea za mawimbi yanayosafiri ndani ya kebo. Inatokana na unene wa waya wa kati, upana wa wavu unaouzunguka na aina ya plastiki iliyo baina yao. Urefu haumo: iwe mita 5 au 50, ni 75 ile ile. Balaa huanza uwiano huo unapovurugika, kebo ikibanwa na msumari au ikiungwa kwa kusokotwa na kuviringishiwa selotepu. Hapo sehemu ya mawimbi hugonga na kurudi ilikotoka, na picha huganda vipande vipande huku tukimlaumu mwenye king'amuzi. Kiungio chake ni kile cha kukaza kwa kuzungusha kama nati.

"Kebo za USB-C zote ni moja, mradi zinaingia." USB-C ni jina la umbo la kichwa tu. Kuna inayopitisha megabiti 480 kwa sekunde, kasi ya USB 2.0 ya mwaka 2000, na kuna ya gigabiti 40.

Na pini za dhahabu za HDMI, kebo inayopeleka picha kwenye televisheni, hazing'arishi picha. Dhahabu haishiki kutu, basi. Ingawa kwa anayeishi Lamu au Tanga, kwenye upepo wa chumvi, hilo nalo si haba.