Kizimba cha samaki ni nini, na watu wa pwani wanalalamikia nini?

Juzi soko la Majengo hapa Dodoma mama mmoja kashika sato anamuuliza muuzaji, huyu wa ziwani au wa kizimba? Kuambiwa wa kizimba akamrudisha, akaondoka. Nikaona nilieleze hili, maana wengi tunalisikia juujuu tu.

Kizimba ni wavu mkubwa uliofungwa kwenye fremu inayoelea, samaki wanawekwa humo wanalishwa mpaka wafikie kuuzwa. Kwetu viko sana Ziwa Victoria, ila wenzetu wa Norway na Chile wanaviweka baharini karibu na pwani, wanafuga samoni. Watu wa pwani hizo wanalalamika, na shida inaanzia hapa, kizimba hakina sakafu. Banda la kuku kinyesi kinaangukia kwenye maranda, unazoa, unajaza viroba, mwenye shamba la zabibu anakuja kuchukua mbolea yake. Kwenye kizimba nani azoe? Kinyesi na chakula kilichobaki vinapenya kwenye matundu vinazama, bakteria wanaoviozesha wanamaliza oksijeni ya kule chini, na kama mkondo wa maji ni hafifu tope linageuka jeusi linanuka yai viza na viumbe wengi wanaoishi humo wanakufa au wanahama. Penye kina na mkondo wa nguvu uchafu unatawanyika, ndo maana swali langu la kwanza siku zote ni kizimba kimewekwa wapi.

Halafu magonjwa. Samaki wakisongamana ugonjwa unaruka haraka, chawa wa samaki nao wanazaliana wanawafuata mpaka samaki pori wanaopita jirani. Chile mwaka 2007 kirusi kinachoitwa ISA kiliingia kwenye samoni wa kufugwa kikaleta hasara kubwa sana, na hicho hakimpati binadamu. Kinachomgusa binadamu ni dawa. Antibayotiki wanachanganyiwa kwenye chakula, na mojawapo ni oksitetrasaiklini, ileile tunayoweka kwenye maji ya kuku wakiumwa, tena tunaambiwa mayai yasiliwe kwanza mpaka siku zipite. Ile isiyoliwa inazama na chakula, bakteria wanaizoea wanakuwa sugu, na usugu huo bakteria wanaweza kupeana mpaka ukafika kwa wanaotuumiza sisi. Norway miaka ya 1980 mwishoni walikuwa wanatumia makumi ya tani kwa mwaka, wakaleta chanjo, dawa zikashuka sana huku samaki wakiongezeka, kwa hiyo inawezekana kabisa.

Mabwawa ya kufugia kamba wa baharini ni habari nyingine, pale kinachoumia ni mikoko inayokatwa kuyapisha, na kwenye delta ya Rufiji miaka ya 1990 ulikuja mradi mkubwa wa namna hiyo, watu wakaupinga, haukufanyika.

Na ziwani mambo ni yaleyale, isipokuwa maji ya ziwa watu wanachota wanakunywa. Yule mama angeuliza pia kizimba chenyewe kiko upande gani wa ziwa na samaki alipewa dawa gani, ila pale sokoni sijaona muuzaji anayeweza kumjibu.