Kupunguza joto la suti ya kuruka kwa parachuti: maana yake na mipaka yake

Kupunguza joto la suti ya kuruka ni kuishona upya suti ya mrukaji wa parachuti ili hewa ipite na jasho likauke, huku umbo lake linalokutana na upepo likibaki kama lilivyokuwa. Uzito wa maelezo hayo uko kwenye nusu ya pili. Nguo ya kawaida fundi cherehani yeyote anaweza kuipunguzia joto: atakata mikono, atachana mgongo na kuweka neti, kazi imekwisha. Suti ya kuruka haiendi hivyo. Mtu akishatoka mlangoni mwa ndege, kitambaa alichovaa ndicho kinachosaidia kuamua atashuka kwa kasi gani na atageukia wapi.

Tuanze na joto lenyewe, maana wengi hulitafuta mahali lisipokuwepo. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6.5 za Selsiasi kila unapopanda mita 1,000. Diani, kusini mwa pwani ya Kenya, watu huruka juu ya Bahari ya Hindi. Ikiwa ufukweni ni nyuzi 31, kwa hesabu hiyo ukifika futi 12,000, yaani karibu mita 3,660, utakuta nyuzi 7 hivi. Hapo mlango unafunguliwa, na muda si mrefu unashuka kwa kilomita 190 kwa saa. Huko hakuna anayelalamika joto. Joto humpata mrukaji akiwa chini: anapovaa, anapokaguliwa mikanda, anaposubiri zamu juani. Linamfuata ndani ya ndege ndogo, amebanana na wenzake kwa dakika 15 au 20 za kupanda. Kisha linamrudia baada ya kutua, anaporudi kwa miguu na parachuti yake mikononi. Mwanguko wenyewe kwa kawaida hauzidi dakika moja, na kuelea chini ya parachuti iliyofunguka ni dakika chache tu.

Tena kuna hatari inayosahauliwa. Aliyelowa jasho chini anapanda na nguo mbichi, na juu ubaridi humshika vidole. Mtu anayetegemea vidole vyake kuvuta kishikio cha parachuti hapaswi kufika huko vikiwa na ganzi. Ndiyo maana naamini suala hili si la starehe tu. Suti inayokauka upesi humlinda mrukaji na joto la chini na baridi ya juu kwa pamoja.

Sasa kitambaa kinafanya kazi gani? Mtu anapoanguka, kasi yake huongezeka mpaka ukinzani wa hewa ulingane na uzito wake, na hapo kasi husimama. Aliyelala kifudifudi, mikono na miguu wazi, hufika kama kilomita 190 kwa saa. Ukiongeza kitambaa kinachokamata hewa, kasi inapungua, ukikipunguza, inapanda. Chukua mfano huu: fundi ametoboa na kubana suti hadi ukinzani wote wa mrukaji ukapungua kwa asilimia 10. Kasi yake itapanda kwa takriban asilimia 5, kutoka 190 hadi 200. Kilomita 10 kwa saa zinaonekana ndogo, lakini ni karibu mita 2.8 katika kila sekunde. Mwenzako uliyekuwa ukitazamana naye uso kwa uso, sekunde kumi baadaye yuko mita 28 juu yako. Kwa wanaoruka kwa makundi na kushikana kutengeneza maumbo angani, mruko huo umeharibika. Na kugongana na mtu anayeshuka kwa kasi tofauti na yako ni jambo la kuumiza kweli.

Waliozoea huutumia ukweli huu kwa makusudi. Mwembamba hushonewa suti pana ya pamba iliyochanganywa na poliesta, kitambaa chenye ukwaru kinachozuia hewa. Mwenye mwili mzito huvaa suti ya kubana, ya nailoni laini au spandeksi, hewa iteleze. Lengo ni wote washuke kwa kasi moja. Kwa hiyo ushauri wa kupunguza joto haulingani kwa watu wote. Mwembamba aliyezoea kubaki juu ya wenzake anaweza kupunguza kitambaa kidogo na ikamfaa. Mzito anayepata shida kuwasubiri wenzake asikate kitu sehemu ya mbele ya suti yake. Atafute nafuu ya joto kwingine.

Na nafuu iko. Ya kwanza haihitaji hata kukata. Suti nyingine zina bitana ndani, kwa mfano kifuani na mikononi. Kutoa bitana ya sehemu hizo mbili huondoa tabaka zima la kitambaa bila kubadili chochote upande wa nje unaopigwa na upepo. Bitana ya mapajani na makalioni iacheni, kwa sababu mikanda ya miguu hukaa hapo, na parachuti inapofunguka mwili wote unaning'inia juu yake. Mshono mtupu uliokaa chini ya mkanda huo huchubua ngozi.

Baada ya bitana, angalia sehemu zilizo nyuma ya upepo. Mtu akianguka kifudifudi, hewa humpiga kifuani, tumboni, mbele ya mapaja na upande wa chini wa mikono. Mgongoni, nyuma ya magoti na kwenye makwapa upepo haumpigi moja kwa moja. Huko ndiko neti huwekwa. Mgongo huonekana ndio bora kuliko kote, kwa kuwa begi la parachuti linaufunika, na watu wengi huanzia hapo. Mimi naona mgongo unasifiwa kupita kiasi: begi likishabanwa, hewa haipiti tena pale, kwa hiyo neti ya mgongoni inakusaidia kabla ya kuvaa begi na baada ya kulivua tu. Pande za mbavu, kutoka kwapa kushuka kuelekea kiunoni, hubaki wazi zaidi hata ukiwa umefungwa mikanda. Neti nyembamba ya upana wa kiganja pale itakupoza zaidi ndani ya ndege kuliko mgongo mzima wa neti. Lakini ishonwe pande zote mbili kwa kipimo kimoja. Kulia kukipitisha hewa kuliko kushoto, mwili utaanza kuzunguka wenyewe, na mrukaji atamaliza mruko wake akipigana na mzunguko asioujua chanzo chake.

Wapo wanaopendelea matundu ya zipu: unafungua chini, unafunga kabla ya kutoka. Wazo ni zuri kwa anayekumbuka. Zipu iliyosahauliwa wazi huingiza upepo, suti ikavimba upande mmoja. Kama ni lazima iwepo zipu, iwe fupi, ikae chini ya pindo, na isiwe na utepe mrefu wa kuvutia unaopepea. Na iwe mbali na vishikio.

Hapo kwenye vishikio napaswa kukaa kidogo, kwa sababu ndipo suti iliyorekebishwa vibaya inapoweza kuua. Begi la kawaida la kisasa la mrukaji wa michezo lina kishikio upande wa kulia wa kifua cha kuachia parachuti kuu ikiharibika, na kingine upande wa kushoto cha kufungua parachuti ya akiba. Cha kufungulia parachuti kuu huwa chini ya begi, upande wa kulia, karibu na nyonga. Vyote vitatu lazima mkono uvipate bila macho kuona. Kitambaa kilicholegea kifuani au kiunoni kinaweza kuvifunika, au mkono ukashika kitambaa ukidhani umeshika kishikio. Hatari hii huwa kubwa kwa namna moja ya kukabili joto inayopendwa sana: kuacha ovaroli na kuvaa suruali ya kuruka na fulana ya mikono mirefu. Ni vazi zuri kwa joto, sina ugomvi nalo. Ila fulana lazima ichomekwe barabara ndani ya suruali, au iwe na lastiki inayobana kiunoni. Fulana inayopanda juu kwa upepo hufunika hasa zile sehemu ambazo mkono utazihitaji.

Vipi kukata mikono na miguu kabisa? Fuo za joto hutia hamu hiyo, na wageni wanaorushwa wakiwa wamefungwa kwa mwalimu mara nyingi huruka na kaptula na fulana. Lakini hao hubebwa na mwalimu, na wakitua kwenye mchanga huinua miguu mbele. Anayeruka peke yake huteleza kwa magoti siku upepo ukimzidi, na ngozi tupu juu ya changarawe au nyasi kavu haina wa kuitetea. Ndiyo sababu suti nyingi zina kitambaa kigumu aina ya Cordura magotini na makalioni. Kipande hicho hakitolewi hata kama kinapika. Mikono mifupi ina nafuu kidogo, japo saa ya kupimia mwinuko itakaa kwenye kifundo chenye jasho na kuteleza usipoikaza upya.

Zipo suti ambazo sipendekezi mtu aziguse kabisa. Suti ya mabawa imeundwa kwa vyumba vya kitambaa vinavyojaa hewa. Kuitoboa ni kuivunja. Suti za wapiga picha zenye kitambaa kati ya mkono na kiwiliwili zina mambo yayo hayo. Suti za kuruka kwa makundi nazo zina mapande marefu ya sponji yaliyovikwa kitambaa mikononi na mapajani, ya wenzako kukushikia, na kitambaa kigumu kinachofunika viatu na kuupa mguu nguvu ya kusukuma hewa. Hapo rekebisha kiwiliwili tu. Kuanzia goti kwenda chini iache kama alivyoitengeneza aliyeitengeneza, na mshono unaoshika sponji usifumuliwe, maana mtu mzima atakuja kuuning'inia.

Ukame na unyevu navyo vinabadili shauri. Eloy, kwenye jangwa la Arizona nchini Marekani, joto la kiangazi hupita nyuzi 40 lakini hewa ni kavu. Jasho hukauka lenyewe, na tatizo kubwa ni jua. Huko rangi nyeupe au ya kijivu hafifu na mikono mirefu vina faida kuliko neti nyingi. Dubai joto ni hilohilo, ila ukaribu wa bahari huleta unyevu, na wanaoweza hupendelea asubuhi na mapema. Diani na pwani yetu yote, hata nyuzi 31 huelemea kwa sababu jasho halina pa kwenda. Hapa neti ina kazi kubwa, na fulana ya ndani ya pamba ni adui: inanyonya jasho na kukaa nalo. Vaa ya poliesta nyepesi. Nimewaona watu wakitaka kuchana suti nzuri wakati mkosaji alikuwa fulana ya ndani na ile tabia ya kuvaa suti nusu saa kabla ya zamu, badala ya kuifunga mikono yake kiunoni na kusubiri kivulini.

Kuhusu fundi: hahitaji leseni. Nchini Marekani, kwa mfano, mikanda na parachuti ya akiba lazima viwe vimeidhinishwa kwa viwango vya usafiri wa anga, na parachuti ya akiba hufungashwa na fundi aliyethibitishwa kila siku 180. Suti haimo katika orodha hiyo. Fundi wako wa mtaani anaiweza, mradi aelewe mambo machache. Atumie uzi wa poliesta au nailoni, kwa kuwa wa pamba huoza kwa jasho. Kingo za nailoni zilizokatwa aziyeyushe kidogo kwa moto zisifumuke. Mshono uwe wa kukunja na kupiga mara mbili, kama wa jinzi, na neti iwe nzito ya kuvutika, si ile ya chandarua. Mpelekee suti peke yake. Begi na mikanda visiingie kibandani kwake hata kwa kumwonyesha vipimo. Ukitaka apime, pima mwenyewe nyumbani ukiwa umevaa kila kitu na uchore kwa chaki mikanda inapopita.

Suti ikirudi, usiipande ndege siku hiyohiyo. Ivae na begi ukiwa chini, funga mikanda, jikunje, lala kifudifudi juu ya benchi, kisha gusa vishikio vyote vitatu huku umefumba macho, mara nyingi. Mwonyeshe mwalimu au msimamizi wa uwanja. Mruko wa kwanza uwe wa peke yako, na ufungue parachuti juu zaidi ya kawaida yako ili uwe na nafasi ukikuta jambo. Mruko wa pili uwe na mtu mmoja mwenye uzoefu anayeijua kasi yako ya zamani, akuambie kama umeongezeka. Aliye Dubai ana njia rahisi zaidi, kwa kuwa kule yapo mahandaki ya upepo wa wima: unaelea ndani yake ukiwa na suti mpya, na unaona papo hapo kama upepo uliokuwa ukikutosha jana leo haukuinui. Baada ya hapo kagua kingo za neti mahali mikanda inaposugua, na kama unaruka ufukweni isuuze suti kwa maji baridi kila siku ya kuruka, kwani chumvi hula meno ya zipu kabla haijagusa kitambaa.