Kwa nini mawimbi ya mvutano yafuatwe angani?

Tarehe 14 Septemba 2015, mitambo miwili ya LIGO nchini Marekani ilinasa mtikisiko wa chini ya sekunde moja. Mashimo meusi mawili, yaani vitu vyenye mvutano mkali kiasi kwamba hata mwanga hauponyoki, yalikuwa yamegongana, umbali wa takriban miaka ya nuru bilioni 1.3. Ilikuwa mara ya kwanza kwa binadamu kunasa mawimbi ya mvutano: vitu vizito vikizungukana, nafasi yenyewe hutanuka na kunywea, na mtikisiko huo husafiri kwa kasi ya mwanga.

Sasa, kama yananaswa hapa hapa duniani, ya nini kuyafuata angani?

Ni kwa sababu ardhi haitulii. Lori likipita, upepo ukivuma, bahari ikipiga ufuo wa mbali, udongo hutetemeka. Vioo vya LIGO, vinavyoakisi mwali wa leza wa kupimia, vimening'inizwa kwa ustadi mkubwa, lakini wimbi linalopanda na kushuka chini ya mara 10 hivi kwa sekunde humezwa na tetemeko hilo. Na hayo ya polepole ndiyo ninayoyasubiri kwa hamu, maana hutoka kwa mashimo meusi yenye uzito wa mamilioni ya majua, yale yanayokaa katikati ya galaksi.

Ndiyo maana Januari 2024 Shirika la Anga za Juu la Ulaya liliidhinisha mradi wa LISA, utakaorushwa mwaka 2035 hivi. Vyombo vitatu vitalizunguka jua vikiwa pembetatu, kila upande kilomita milioni 2.5. Mwali wa leza utachukua sekunde 8 hivi kutoka chombo kimoja hadi kingine.

Moyo wa kila chombo ni michemraba miwili ya dhahabu na platinamu. Mmoja unaenea kiganjani, lakini una uzito wa kilo 2 hivi. Inaelea bila kuguswa na kitu; chombo ndicho kinachojisogeza, kwa vipulizo vidogo vya gesi, kisije kikaigusa. Wimbi likipita, umbali kati ya michemraba ya vyombo tofauti hubadilika kwa kipimo kidogo kuliko atomu, na leza hukisoma. Jambo hili si ndoto: chombo cha majaribio, LISA Pathfinder, kilichorushwa Desemba 2015, kilielesha michemraba ya aina hiyo kwa utulivu kuliko ilivyotarajiwa.

Hata cha kuanzia kusikiliza kipo. Nyota mbili kibete nyeupe, yaani masalia ya nyota zilizozimika, za mfumo uitwao HM Cancri huzungukana kila baada ya dakika 5 na kitu, na darubini zimeshaziona. LISA ikiwashwa, wimbi lao lazima lisikike.