"Uamuzi wa Busara" maana yake nini?

Juzi kwenye kijiwe cha kahawa karibu na stesheni ya Tabora, kijana mmoja alikuwa anasimulia kwamba ameuza mahindi yake kwa bei ya kutupa ili alipe ada ya mwanawe. Mwenzake akamfariji: "Huo ni uamuzi wa busara." Mzee aliyekuwa anapuliza kikombe chake akacheka. "Mjukuu wangu, hilo jina lina wenyewe. Tena lilizaliwa hapa hapa."

Na kweli. Siku hizi tunalitumia kwa uamuzi wowote wa akili, lakini katika historia ya Tanganyika ni jina la jambo moja tu: azimio la mkutano mkuu wa TANU, chama kilichodai uhuru, uliofanyika Tabora Januari 1958, kwamba chama kiingie kwenye uchaguzi wa kura tatu.

Usipoijua kura tatu, busara yenyewe huioni. Serikali ya Gavana Edward Twining ilitaka kila jimbo lipeleke watu watatu kwenye Baraza la Kutunga Sheria: Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Mpiga kura alilazimika kumchagua mmoja katika kila kundi. Ukitia alama kwa Mwafrika wako ukawaacha wale wawili, kura yako imeharibika. Sasa piga hesabu. Sensa ya 1957 ilihesabu Waafrika zaidi ya 8,600,000, Waasia kama 76,000 na Wazungu kama 20,000. Viti, sawa kwa sawa! Kisha yakaja masharti ya kipato, elimu au wadhifa. Kipato chenyewe kilikuwa pauni 150 kwa mwaka. Mkulima wa Urambo azitoe wapi?

Ndiyo maana wajumbe wengi walifika Tabora wakiwa wameshaamua kususia. Mimi siwaoni kuwa walikuwa wajinga. Kuingia kwenye uchaguzi ule kulifanana na kukubali kwamba Mzungu mmoja ana uzito wa Waafrika mamia. Zuberi Mtemvu alishikilia msimamo huo mpaka mwisho, na baada ya mkutano akatoka TANU, akaanzisha chama chake cha African National Congress.

Julius Nyerere hakuitetea kura tatu. Aliichukia kama wenzake. Tabora hakuwa mgeni, maana alisoma hapa na baadaye akafundisha hapa, katika shule ya Mtakatifu Maria. Hoja yake ilikuwa ya mtu anayeutazama mchezo mzima: TANU ikikaa nje, viti vitachukuliwa na United Tanganyika Party, chama kilichopendwa na gavana, na hao ndio watakaosema kwa jina la nchi.

Lakini utamu uko kwenye ile karatasi ya kura. Kama Mwafrika analazimishwa kumpigia kura Mzungu na Mwasia, basi yeye ndiye atakayeamua ni Mzungu yupi na Mwasia yupi. Kamba waliyofungiwa ikawa ya kuvutia. TANU iliwaunga mkono kina Derek Bryceson, Mzungu, na Amir Jamal na Sophia Mustafa, Waasia, na uchaguzi ulipofanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, chama na marafiki zake wakavizoa viti. Wengine katika awamu ya pili walipita bila hata kupingwa. Uhuru ukaja tarehe 9 Desemba 1961.

Kwa hiyo maneno haya, yakitumiwa kwa uzito wake, hayana maana ya uamuzi mzuri tu. Ni kukubali sharti bovu huku umeshaona mlango ndani yake. Kijana wa mahindi aliposikia hayo alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sasa babu, mimi mlango wangu uko wapi?"

Mzee akaagiza kahawa nyingine, na kashata mbili, moja ya kijana.