Randa isiyo na shaba si lazima iwe ya jeshi

Wiki hii nimeletewa tena randa namba 4 ya kampuni ya Stanley ya Marekani, yenye nati nyeusi, na mwenyewe akaniapia kwamba ni ya jeshi la Marekani, hivyo thamani yake ni maradufu. Nimeacha kuhesabu ni mara ya ngapi.

Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, nati ya kurekebisha kina cha kisu ilikuwa ya shaba ya njano, na vishikio vilichongwa kwa mti wa Brazili ulio wa jamii moja na mpingo wetu. Mwaka 1942 Marekani iliunda Bodi ya Uzalishaji wa Vita, ikabana matumizi ya shaba na nikeli, kwa kuwa maganda ya risasi yalikuwa yakimeza shaba nyingi mno; hata senti za 1943 zilipigwa kwa chuma kilichopakwa zinki. Ndipo Stanley wakatoa randa zenye nati ya mpira mgumu mweusi (ingawa mpira nao ulikuwa adimu baada ya Wajapani kuiteka Malaya) na vishikio vya mti wa kawaida uliotiwa rangi.

Sasa lile linalonichosha: amri ile ilimbana mtengenezaji, haikumwangalia mnunuzi. Seremala wa mtaani aliyeingia dukani mwaka 1943 aliweza kuuziwa randa yenye nati nyeusi vilevile. Anayetaka ushahidi wa mkataba wa serikali na atafute alama ya mwenye mali, si upungufu wa shaba. Kwa Waingereza alama hiyo ni mshale mpana, yaani mistari mitatu inayokutana nchani, na mishale miwili iliyogusana ncha kwa ncha humaanisha kwamba serikali ilikwisha kukiuza kifaa hicho. Hata mshale wenyewe hauthibitishi kwamba kifaa kilifika vitani, kwa maana karakana za wanamaji bandarini nazo zilikuwa na maseremala wake.

Ubora? Nimezinoa kadhaa, na zinakata. Nyingi zina mwili mnene kuliko za kabla ya vita, na huwa naambiwa kwamba zilinenepeshwa ili zihimili kuanguka. Ni maelezo matamu, ila mimi hayajanikaa sawasawa, kwani chuma kinene huenda kilikuwa tu rahisi zaidi kukimimina bila hitilafu.

Ile ya wiki hii niliigeuza pande zote. Haikuwa na muhuri wowote, isipokuwa herufi mbili zilizokwaruzwa kwa msumari kwenye kishikio. Nikainoa, nikamtoza mwenyewe bei ya kunoa randa.