Hana hata mchubuko, lakini kifua kinambana: maswali kuhusu milipuko

Mwanangu anachimba dhahabu Geita kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo. Jana jioni baruti ililipuka kabla hajafika mbali. Hana hata mchubuko, ila anasema kifua kinambana. Si uchovu tu?

Hapana mama, mpelekeni hospitali sasa hivi. Mlipuko husukuma hewa kwa ghafla mno, hewa iliyo mbele isipate muda wa kupisha. Inajirundika na kuwa wimbi la mshtuko: ukuta mwembamba wa mgandamizo unaokwenda kasi kuliko sauti, ambayo hewani ni takribani mita 340 kwa sekunde. Kadiri linavyosafiri linapungua nguvu, mwisho linabaki mshindo tu.

Likimkuta mtu karibu, hupita kwenye ngozi na misuli bila kuacha alama, maana humo kumejaa maji. Linaharibu pale nyama inapopakana na hewa, yaani kwenye mapafu, utumbo na masikio. Vifuko vidogo vya hewa kwenye mapafu vinachanika, damu inavuja taratibu. Mgonjwa anaweza kutembea, kuongea, hata kula ugali wake, halafu baada ya saa kadhaa akaanza kuhema. Akikohoa damu, akiumwa tumbo, akitapika au akianza kuongea vitu visivyoeleweka, hiyo ni dharura. Mkifika, mwambieni daktari kwamba ni mlipuko, na kama alikuwa ndani ya shimo semeni.

Shimo linabadilisha nini?

Sana. Wimbi likigonga mwamba linadunda, na pale linapodunda mgandamizo huwa maradufu au zaidi. Duarani linadunda huku na huku, hivyo aliyejibanza kwenye kona anapigwa mara kadhaa. Jiwe kubwa litakukinga na vipande vinavyoruka, lakini wimbi lenyewe hupinda na kulizunguka. Kinachookoa ni umbali: mahali pa wazi, ukiuongeza mara mbili, mgandamizo unaokupata hushuka hadi chini ya nusu.

Nikiwa ziwani, kuzama hakunikingi?

Usithubutu, kama mlipuko wenyewe uko majini. Maji hayabonyei kama hewa, kwa hiyo wimbi linafika mbali likiwa bado na nguvu. Sauti yenyewe humo hupita mita 1,400 kwa sekunde. Wavuvi wa sangara wanalijua bondo, ule mfuko wa hewa unaouzwa ghali kuliko minofu. Samaki akipigwa na mlipuko, mfuko huo ndio unaopasuka wakati nyama inaonekana nzima. Mapafu na utumbo wa muogeleaji viko kwenye hatari hiyohiyo. Kama huwezi kutoka, elea chali, kifua na tumbo viwe juu kadiri inavyowezekana.

Tangu mlipuko sikio linavuma na limetoa damu kidogo. Niweke mafuta ya vuguvugu?

Usiweke mafuta, wala maji ya kitunguu, wala pamba ya kusokomeza ndani. Huenda kiwambo cha sikio kimetoboka. Kinaweza kupasuka kwa mgandamizo wa kilopaskali 35 hivi, wakati mapafu huanza kudhurika karibu na 100. Matundu mengi huziba yenyewe ndani ya wiki au miezi, mradi sikio libaki kavu: usipige mbizi, na ukioga liwe mbali na maji. Kapimwe hata kama maumivu yamekwisha, kwa sababu usikivu unaweza kupungua usijue. Na wale mnaosema "masikio yangu mazima, basi niko salama", hapana. Wapo walioumia mapafu na viwambo vyao havikuguswa.

Radi nayo ni mlipuko?

Kwa namna yake, ndiyo. Umeme wake huipasha hewa hadi nyuzi joto 30,000 hivi za Selsiasi, hewa inatanuka ghafla, na karibu na njia yake kunakuwa na wimbi la mshtuko kabla halijawa ngurumo. Aliyepigwa na radi mtumbwini akapona, naye akachunguzwe masikio pamoja na moyo.

Tunaofanya kazi na baruti, vizibo vya masikio vinatosha?

Kwa masikio vinasaidia sana, vaeni. Kifua havikikingi hata kidogo.