Vihisi vya Kuongozea vya Hubble: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Upimaji wa Nyota

Obiti ya darubini ya Hubble imeinama nyuzi 28.5 kutoka ikweta, na kwa kuwa Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 tu kusini mwa ikweta, darubini hiyo hupita juu ya jiji letu mara kwa mara. Jioni ambayo mawingu yametawanyika juu ya Kigamboni, mtu huweza kuiona ikikatiza anga kwa dakika chache, nukta ya mwanga itembeayo bila kumetameta. Wengi wanaifahamu kwa picha zake. Wasilolifahamu ni kwamba baadhi ya vipimo vyake makini kuliko vyote havikutoa picha hata moja, kwa sababu vilifanywa na vihisi vyake vitatu vya kuongozea, yaani vifaa vinavyozifuata nyota ili darubini itulie ikielekea panapotakiwa. Kuhusu vihisi hivyo zimeenea dhana kadhaa, darasani na katika makundi ya WhatsApp ya wapenda anga, ambazo zinafaa kuwekwa sawa.

Dhana: Vihisi hivi ni usukani tu, na kupima nyota ni kazi iliyobuniwa baadaye.

Tangu kabla Hubble haijarushwa mwezi Aprili 1990, timu ya wataalamu wa kupima mahali pa nyota, iliyoongozwa na William Jefferys wa Chuo Kikuu cha Texas, ilikwishapangiwa kazi. Vihisi ni vitatu, lakini darubini huhitaji viwili tu ili itulie, kila kimoja kikiwa kimeishika nyota yake ya kuongozea. Cha tatu hubaki huru kupima. Isitoshe, kuongoza na kupima ni tendo lilelile, maana kihisi hakiwezi kuizuia darubini isiyumbe bila kujua kwa usahihi mkubwa nyota iko upande gani.

Dhana: Ili kupima nyota, lazima kwanza ipigwe picha.

Kihisi cha Hubble hakina kamera. Kina dirisha dogo la kutazamia lenye upana wa sekunde 5 za pembe (sekunde ya pembe ni sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi moja), nalo hutembezwa angani kwa kufuata mzunguko unaopanuka hadi mwanga wenye ung'avu uliotarajiwa uonekane. Hapo dirisha hulizunguka eneo la nyota ili kukadiria kitovu chake, kisha husogezwa hatua ndogondogo kukiendea. Mwanga ukishaingia hugawanywa na prizimu na kuunganishwa tena, na vifaa viwili huhesabu fotoni, yaani chembe za mwanga, zinazotoka pande mbili za prizimu hiyo. Hesabu zikitofautiana, wimbi la mwanga linaingia likiwa limeinama. Zikilingana, nyota iko katikati kabisa. Prizimu ni mbili, moja kwa kila mhimili, na hesabu hizo husomwa mara 40 kwa sekunde. Kifaa cha namna hii huitwa intaferomita.

Ndiyo maana haisimami hoja ambayo wanafunzi wa fizikia huitoa kwa kujiamini, tena kwa hesabu sahihi: kwamba kioo cha mita 2.4 kama cha Hubble hakiwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana kuliko karibu sekunde 0.05 za pembe, hivyo kudai usahihi wa sehemu moja ya elfu ya sekunde ya pembe ni kutia chumvi. Kikomo hicho kinahusu kutenganisha nyota mbili katika picha. Kutafuta kitovu cha nyota moja ni swali jingine, na jibu lake huwa bora kadiri fotoni zinavyokusanywa kwa wingi. Kwa kipimo kimoja, kihisi cha Hubble hufikia karibu milisekunde 1 ya pembe, yaani sehemu moja ya milioni 3.6 ya nyuzi moja.

Dhana: Kasoro ya kioo ilikwisha mwaka 1993.

Kwa kamera, kweli. Kioo kikuu kilichongwa kikawa bapa kupita kiasi ukingoni, kwa takriban mikromita 2.2, na marekebisho yaliyopelekwa na wanaanga Desemba 1993 yalizipa kamera mwanga safi. Hayakuvigusa vihisi vya kuongozea. Vyenyewe viliendelea kupokea mwanga wenye kasoro, na palipokuwa na upotovu mdogo wa mpangilio ndani ya kihisi, mawimbi yalichafuka zaidi. Nafuu ilikuja Februari 1997, kilipofungwa kihisi kilichoboreshwa chenye kioo kidogo ambacho wahandisi waliweza kukigeuza kwa amri kutoka ardhini. Hicho ndicho kilichokuja kuwa kipimio kikuu.

Dhana: Angani hakuna hewa, basi hakuna kinachotikisa kipimo.

Hewa haipo, lakini joto na baridi vipo. Hubble huizunguka Dunia kwa takriban dakika 95, ikiingia na kutoka katika kivuli chake, na kila mara sehemu zake hutanuka na kusinyaa kidogo. Viunzi vyake vya nyuzi za kaboni vilikuwa pia na unyevunyevu uliofyonzwa duniani, ambao ulitoka taratibu kwa miaka na kubadili vipimo vya ndani. Kwa sababu hiyo wapimaji walilazimika kulirudia tena na tena fungu la nyota la M35, katika kundinyota la Mapacha, ili kujua ramani ya kihisi imepinda kiasi gani. Kazi hii haina mvuto wa kutangazwa, lakini bila hiyo hizo milisekunde zisingekuwa na maana yoyote.

Dhana: Kihisi hutoa umbali wa nyota moja kwa moja.

Kinachopimwa ni paralaksi, yaani jinsi nyota inavyoonekana kusogea kidogo Dunia inapohama kutoka upande mmoja wa Jua hadi mwingine, na kusogea huko hupimwa dhidi ya nyota nyingine zilizo jirani nayo katika uga wa kihisi. Mpima ardhi anayepima kiwanja kule Goba kwa kuanzia kwenye bikoni atapata umbo sahihi la kiwanja, lakini akitaka kujua kiko wapi hasa, lazima ajue bikoni zenyewe ziko wapi. Nyota rejea nazo zina paralaksi zake ndogo, hivyo umbali wake hukadiriwa kwanza kutokana na rangi na spektra zake (mwanga wake ukiwa umetawanywa katika rangi zake), ndipo jibu la mwisho lipatikane.

Mfano ulio wazi ni Kilimia, fungu la nyota ambalo watu wa pwani walilitumia kuhesabia misimu na kuliwekea methali: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Matokeo ya Hipparcos, setilaiti ya kupima mahali pa nyota, yaliyochapishwa mwaka 1997, yalikiweka umbali wa takriban miaka nuru 385, karibu kuliko ilivyokubalika hadi wakati huo. Kama hilo lilikuwa kweli, nadharia ya ung'avu wa nyota ilihitaji kutazamwa upya. Mwaka 2005, David Soderblom na wenzake walitoa vipimo vya nyota tatu za Kilimia vilivyofanywa kwa vihisi vya Hubble: karibu miaka nuru 440. Gaia, setilaiti ya baadaye ya kazi hiyohiyo, iliunga mkono umbali huo mkubwa. Nyota tatu zilitosha kuonyesha kuwa kosa lilikuwa katika orodha ya Hipparcos.

Dhana: Hubble ilipata nyota yenye umri mkubwa kuliko ulimwengu.

Hii ndiyo inayosambaa kuliko zote, na ndiyo inayoudhi zaidi. Nyota yenyewe ni HD 140283, katika kundinyota la Mizani; mwanzoni mwa Julai, kati ya saa tatu na saa nne usiku, hupita karibu na utosi wa anga la Dar es Salaam, ingawa haionekani bila darubini ndogo. Mwaka 2013, Howard Bond na wenzake walitumia vihisi vya Hubble wakapata paralaksi ya milisekunde 17.15, sawa na umbali wa miaka nuru 190, na kutokana nayo umri wa miaka bilioni 14.5. Ulimwengu una miaka bilioni 13.8. Waliosambaza habari waliishia hapo, wakaiacha nusu ya pili ya sentensi: kujumlisha au kutoa miaka bilioni 0.8. Watafiti wenyewe hawakudai kwamba mtoto amemtangulia mama.

Tena kisa hiki kinavigusa vihisi vyenyewe. Gaia ilipoipima nyota hiyo ilipata paralaksi ndogo zaidi, kama milisekunde 16.2, tofauti iliyozidi kiwango cha kosa ambacho Bond na wenzake walikitaja kwa paralaksi yao. Nyota iliyo mbali zaidi ndiyo yenye mwanga mwingi zaidi, na katika hatua hii ya maisha yake mwanga mwingi humaanisha umri mdogo, kwa hiyo makadirio ya baadaye yameshuka hadi karibu miaka bilioni 12. Anayevisifu vihisi vya Hubble kwa Kilimia na akanyamaza kuhusu HD 140283 anachagua ushahidi.

Dhana: Gaia na darubini ya angani ya James Webb zimevifanya vihisi hivi kuwa historia.

Kwa wingi wa nyota, Gaia haina mshindani. Imepima zaidi ya bilioni moja. Kihisi cha kuongozea cha James Webb, kilichotolewa na Kanada, ni kamera ya miale ya infraredi, si intaferomita. Lakini kumbukumbu za Hubble bado ni mali, hata zile za kuongozea tu ambazo hakuna aliyezikusanya kwa utafiti. Mwaka 2009, Hilke Schlichting na wenzake walipekua rekodi za miaka minne na nusu za nyota za kuongozea, wakakuta mahali ambapo mwanga wa nyota moja ulififia kwa sekunde 0.3. Kilichokuwa kimepita mbele yake ni kipande cha barafu chenye upana wa karibu kilomita 1, umbali wa takriban kilomita bilioni 6.7, ng'ambo ya Neptuni.